Kila Chungu Hela Tano

Angetile wa Ikombe alikuwa na kiburi, na kiburi chake kilikuwa na sababu. Katika Wakisi wote waliopiga kasia kuleta vyungu Lyulilo siku ya soko, hakuna aliyefinyanga chungu kikubwa kumshinda. Chungu cha msibani, cha kulisha ukoo mzima! Na bei? Bei ilikuwa tumboni mwa chungu chenyewe. Mkulima alikijaza mpunga, mpunga ukabaki kwa mfinyanzi, chungu kikaenda na mkulima. Hata mlevi hakuweza kuikosea hesabu hiyo.

Andongwisye, mkulima wa Ipinda, alikuwa mteja wake tangu wote wawili ni wasichana. Alikuwa na kawaida ya kukitikisa chungu ili mpunga ushuke, kisha anaongeza konzi mbili juu. "Ule na wanao," humwambia. Watoto wa Angetile walikulia konzi hizo.

Mwaka ule akida akasimama sokoni na askari wake, akatangaza amri ya Wajerumani wa boma. Kupimiana nafaka marufuku. Watu wauziane kwa hela, sarafu za Wajerumani hao, wapate ya kulipia kodi. Na ili asipunjwe mtu, kila chungu cha udongo hela tano.

"Na kikubwa je?" Angetile akauliza.

"Chungu ni chungu, mama."

Loo! Aliyeitunga amri hiyo hajakanda udongo hata wa kuziba tundu la panya! Chungu kimoja kikubwa hula udongo wa vidogo sita na kuni za mtumbwi mzima, na bado kinaweza kupasukia motoni ukabaki umeshika kichwa. Elizabeth, jirani yake, hakubishana na mtu. Soko lililofuata alileta vidogo vitupu, akaviuza vyote, akarudi na hela kibindoni.

"Dada, acha ukaidi," alimwambia Angetile. "Sifa haziliwi."

Angetile akakaidi. Akaendelea na vikubwa vyake, akaviuza hela tano tano huku roho inamuuma, na hela zenyewe zikanunua mpunga usiojaza hata kofia. Lakini njaa haina adabu. Kitinda mimba wake alipoanza kuamka analilia chakula, mama mtu aliketi akafinyanga vidogo, akikichukia kila kimoja. Watoto wakala. Usimcheke, ungekuwa wewe ungefanyaje?

Msimu haujaisha, Lyulilo nzima ikajaa vyungu vya kupikia mtu mmoja. Ndipo mwenye duka la pale ufukweni akashusha masufuria makubwa ya chuma. Amri ilitaja udongo tu. Chuma alikipangia bei mwenyewe, na hapakuwa tena na wa kushindana naye.

Asubuhi moja ya soko Andongwisye akatokea, kikapu cha mpunga kichwani, macho yamevimba.

"Ugonile, mwenzangu," akamsalimu Angetile.

"Ndaga. Una nini leo?"

"Mume wangu amefariki. Watu wamejaa uani, na chungu changu kikubwa kimepasuka jana motoni. Nipe kingine. Nitakujazia kwa siri, hata mara mbili."

Angetile akautazama mkeka wake. Vidogo, vidogo, vidogo.

"Sina," akasema.

"Hata nyumbani?"

"Hata nyumbani. Sifinyangi tena vikubwa."

Andongwisye hakugomba. Afadhali angegomba! Alikwenda dukani, akakaa huko kitambo, akarudi amebeba sufuria.

"Mwenye duka kataka mtamba wangu," akasema. "Ndiye ng'ombe niliyebakiwa naye. Nimemkubalia, ningefanyaje na watu wanangoja kula?"

Andongwisye akachutama, akachagua chungu kimoja kidogo asichokuwa na haja nacho, akafungua pindo la kaniki yake. Akamtia mwenzake hela tano kiganjani, akamfumbatisha vidole.

"Ule na wanao," akasema.

Kisha akaondoka kwenda kwenye msiba wake, na Angetile akabaki pale mkekani analia mbele za watu.