Breki ya Mbele

Kwanza nilisikia sufuria ikianguka. Sikuona kitu. Ushoroba wetu pale Sarang'ombe, Kibera, una giza hata mchana, mabati ya upande huu yakikaribia kugusana na ya upande ule, na macho yangu yalikuwa bado yamejaa jua la barabarani. Nilisikia sufuria ikigonga saruji, kifuniko kikazunguka kikilia mpaka kikachoka. Kisha kimya. Ndani ya kimya hicho baiskeli niliyokuwa nikiikokota iliendelea na mlio wake, tik-tik-tik-tik, mlio wa friwili, ile gia ya nyuma inayojisemea yenyewe pedali zikiwa zimetulia.

Halafu sauti ya nyanya yangu ikatoka jikoni. Ilikuwa sauti ya msichana.

"Ilyas? Umerudi?"

Mimi naitwa Abdelrahim. Ilyas alikuwa mjomba wangu, na alizikwa kabla mama hajaolewa.

Nimetunga beti nyingi tangu siku ile, na sioni haya kusema kwamba nyingine ni nzuri. Lakini sijapata mstari unaotosha kwa mtu aliyeitwa jina la maiti na mtu anayempenda. Nilisimama tu, mikono kwenye usukani. Mimi, ambaye mtaani waliniita Mdomo.

Fremu ya baiskeli ile niliipata darini. Haboba, kama sisi Wanubi tunavyomwita nyanya, alikuwa amesafiri kwenda Kibos kwenye harusi ya jamaa, na mvua ikapata nafasi ya kutoboa bati juu ya kitanda chake. Nilipanda kuziba. Nyuma ya boriti nikakuta kitu kirefu kimefungwa katika gurbaba kuukuu, ile nguo ya maua ambayo akina mama wa kwetu hujifunga kiunoni. Nilifungua fundo moja, vumbi likanipigisha chafya, na chuma kikanitazama.

Ilikuwa fremu ya baiskeli ya mashindano pamoja na uma wake wa mbele, basi. Hapakuwa na gurudumu wala cheni. Lakini ilikuwa kazi ya mkono. Maungio yote yalichongwa ncha kama jani la mwarobaini, yakalehemiwa kwa shaba iliyotulia bila tone kumwagika. Niliigonga kwa ukucha, ikaimba. Nilijua mara moja ni nini. Wazee wa msikitini walizoea kusema habari za baiskeli ya Usman, babu yangu, aliyeagiza fremu kwa fundi mmoja Mhindi mjini na kungoja mwaka mzima. Usman aliinunua, basi nikaamua ni Usman aliyeipanda. Sikuuliza mtu. Usiku huohuo nilikwisha tunga:

*Chuma kilichosinzia, leo kimeshaamka,*
*Babu kilimpatia jina lisiloanguka.*

Jambo lenyewe ni kwamba kulikuwa na msafara wa baiskeli za zamani uliopangwa kupita Ngong Road Jumapili moja. Wangekuja wenye nyumba za bustani na baiskeli zao zilizong'arishwa, na hakuna hata mmoja angetoka kwetu. Nilitaka waone kwamba hata Kibera ina vya kale vyake. Ningepanda chuma cha babu, kila kipande kikiwa cha enzi yake, kisha nisome shairi langu mbele ya watu ambao hawajawahi kunyamaza wanisikilize.

Ndipo nikaanza kwenda Kawangware, kwa Mumbi. Mumbi huuza speya za baiskeli chini ya mwavuli uliochanika, mikono yake myeusi kwa grisi hadi viwikoni, na hakuna mteja asiyepata utani wake.

"Niaje, mshairi," aliniambia mara ya kwanza, akiigeuza fremu. "Hii si baiskeli. Hii ni mifupa. Nyama uliiacha wapi?"

"Nyama utanipa wewe. Ila nataka ya wakati wake."

"Wakati wake mimi nilikuwa nanyonya."

Hata hivyo alinitafutia. Alichimbua magunia, akapigia simu watu wake, na kila nilipokwenda kulikuwa na kitu: rimu jembamba lisilo na kutu, gia ya mbele yenye meno yaliyolika kidogo, usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume, kiti cha ngozi kilichokuwa kikitumiwa na fundi viatu kama mto. Nilikwangua rangi kwa msasa mpaka vidole vikatoka damu. Nilifunga spoki moja moja, nikizipiga nisikie kama sauti zao zinalingana, jinsi ninavyohesabu mizani.

Kitu kimoja tu hakikupatikana. Breki ya mbele.

"Chukua hii," Mumbi alisema, akinipa mpya iliyokuwa bado ndani ya plastiki. "Inashika kama mkono wa polisi."

"Hiyo? Nimvalishe sultani kandambili?"

"Sultani wa kandambili hufika kwake."

"Ya wakati wake, au hakuna."

Akarudisha breki guniani. "Haya, Mdomo. Ukikutana na ukuta, usomee shairi."

Watu wawili watatu waliokuwa karibu walicheka. Nami nilicheka, kwa sababu nilikuwa na breki ya nyuma na miguu miwili na jina lisiloanguka.

Siku baiskeli ilipokamilika niliipanda kutoka Kawangware hadi nyumbani. Sikuishia nyumbani. Niliteremka nayo kwanza mpaka Silanga, mteremko wote unaoelekea bwawani, upepo ukinivua shati. Katikati ya mteremko nilibana breki ya nyuma, ikapiga kelele, gurudumu likateleza pembeni kama mbuzi anayekataa kamba. Nilisimama hatua moja kutoka kwenye magunia ya makaa. Mama muuza makaa alinyanyuka. Akashika kichwa, akanitazama kwa jicho ambalo siku hiyo nililiona kuwa la kunihusudu. Nikampungia mkono. Nikapandisha kilima nikiikokota, nikiimba, nikaingia ushoroba wetu. Haboba alikuwa amerudi kutoka Kibos asubuhi ile, baada ya zaidi ya mwezi. Nilitaka kumshtua.

Nilimshtua.

Alitoka jikoni akishika ukuta. Aliponiona uso, sauti ya msichana ilimwacha, na uzee wote ukamrudia kwa pamoja, nikauona ukiingia mabegani na magotini. Alikaa kwenye kigoda. Uji ulikuwa umetapakaa mlangoni na hakuna aliyeutazama.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi, Haboba. Nimefufua baiskeli ya Babu."

"Babu yako hakuwahi kukaa juu ya hiyo kitu. Alimnunulia Ilyas."

Nyumbani kwetu jina la Ilyas lilikuwa la dua tu. Nilichojua ni kwamba alikufia barabarani, na kila mara nilikuwa nimeliona kichwani mwangu gari lililomwua, hata rangi yake. Sasa niliiona baiskeli. Niliiachia usukani, ikanilalia kiunoni kama mtu aliyezimia.

Haboba aliitazama kipande kwa kipande.

"Hiyo gia ya mbele umeitoa wapi?"

"Kawangware. Nimehangaika nayo mwezi mzima. Ni ya wakati wake hasa."

Aliinuka bila kunijibu, akaingia jikoni. Aliporudi alikuwa na kile chuma cha duara tunachowekea sufuria ya moto, cheusi kwa masizi. Akakipangusa kwa kanga. Meno yakatokea, moja baada ya jingine, mzunguko mzima.

Ilikuwa gia ya mbele. Kisha macho yangu yakaanza kutembea yenyewe nyumbani mwetu. Vyuma vya mishikaki ya Idi, vile vyembamba vinavyolingana urefu, vilikuwa spoki. Duara lililoning'inia darini likitundikwa vikombe lilikuwa rimu. Pembe mbili za chuma ukutani, ambazo tangu utoto wangu nguo zake za kuswalia zilining'inia hapo, zilikuwa usukani. Na mnyororo wa mlango, ambao mimi mwenyewe niliufungua asubuhi ile nikitoka kwenda kutafuta vya kale mtaa wa watu.

"Umekula katika baiskeli hii tangu uache kunyonya," alisema Haboba.

"Kwa nini, Haboba?"

"Babu yako alitaka kuiuza chuma chakavu. Nikamwambia, ikiuzwa itapata mtoto wa mwingine. Ikikaa nzima hapa, itapata mtoto wangu mwingine. Nikachukua spana nikaifungua mwenyewe, matanga ya Ilyas yalikuwa hayo." Alipitisha kiganja juu ya meno ya ile gia. "Kilichoniulia nikakiambia, sasa utanilishia. Fremu tu ndiyo nilikosa kazi ya kuipa."

Alipiga magoti mbele ya gurudumu. Juu ya uma, pale breki ya mbele inapopita, palikuwa na tundu tupu. Akaingiza kidole chake cha shahada ndani ya tundu hilo, akakiacha humo.

"Hata wewe," alisema. "Nani alikwambia uitoe?"

"Sikuitoa. Sikuipata."

"Yeye aliitoa. Alisema ni uzito wa bure, wenzake wote wametoa."

Alikwenda kwenye sanduku lake la nguo, akatafuta chini kabisa, akarudi na kitambaa kidogo. Ndani yake mlikuwa na breki, imepakwa mafuta, haina hata doa la kutu. Mtu alikuwa akiitunza kwa miaka yote hiyo.

"Nilisikia tik-tik yake ikitoka hapa ikiteremka. Nikaingia kumtandikia kitanda, nikaikuta juu ya shuka. Nikaishika nikakimbia kumfuata. Nikafika Silanga nayo mkononi."

Hakusema alichokikuta Silanga. Mimi nilikuwa nimekwisha kuyaona magunia ya makaa, na mama aliyeshika kichwa. Jicho lile halikuwa la husuda. Nikakaa chini kwenye uji.

Baadaye aliniletea spana. Nilifunga breki ile yeye akinishikia gurudumu, na bolti iliingia tunduni kama ulimi unaorudi kinywani. Nilipoibana, haikushika. Mipira yake ilikuwa migumu kama kucha.

"Itahitaji mipira mipya," nilisema. "Nitanunua kwa Mumbi."

"Ya wakati gani?"

"Ya leo, Haboba."

Ilikuwa karibu acheke. Alilisukuma gurudumu la nyuma kwa kidole, likazunguka, tik-tik-tik, naye akalisikiliza mpaka likasimama.

"Jumapili nenda. Sikukatazi, yeye nilimkataza. Lakini mlio huu ukifika pale kona, moyo wangu unamwinukia mtu mwingine. Na kila mara utanikuta na sufuria mkononi."

Nilitafuta beti. Nilikuwa nazo tele mfukoni kwa ajili ya watu wa Ngong Road, na hakuna hata ubeti mmoja uliokuwa wake. Nikamshika ule mkono wenye masizi.

"Kila nikirudi nitashuka kabla ya kona," nilimwambia. "Nitainyanyua begani isilie. Nitaita jina langu kwanza, kwa nguvu, Abdelrahim, mpaka uniitikie. Ndipo nitaiweka chini."