Leseni ya Watu Watano

Mwaka 2003, wakati kila mwenye jamaa Dubai alikuwa akishusha kontena la vipuri vya bei rahisi, duka la vipuri la Mzee Kishor pale Gerezani lilianza kupooza. Mkewe alishafariki, na binti yake Bijal, aliyeolewa Kanada, alikuwa akimsihi kwa simu afunge amfuate. Mzee hakutaka. Badala yake akamwita Caroline, fundi wa kompyuta mwenye chumba cha ofisi Mchafukoge.

Caroline alimtengenezea kanzidata, ghala la kumbukumbu za kila kipuri kilichokuwa dukani. Programu iliyoiendesha kwenye seva, kompyuta kuu inayohudumia nyingine, ilihitaji leseni. Akachagua ya watu watano, kwa kuwa wenye kuitumia pale dukani hawakuzidi hapo, na ile ya kulipia prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, isiyojali idadi ya watu, ilikuwa ghali mno. Kwa siku ile alichagua sawasawa.

Kisha mzee akanogewa.

"Binti, kwa nini fundi wa Songea asijionee mwenyewe kama beringi ipo?"

Caroline akaiunganisha na tovuti, na mafundi wa mikoani wakaanza kuingia kupitia intaneti kafe. Oda zikaja. Mzee akawa anawaita majirani waione kompyuta, kama mtu anayeonyesha picha ya mjukuu. Katika furaha ile, Caroline hakukumbuka kuisoma upya leseni.

Akaja Filbert, wakala wa kampuni iliyouza ile programu.

"Watumiaji wenu wangapi?"

"Watano."

"Na hawa wa kwenye tovuti?"

Caroline akajitetea. "Hao wanaishia kwenye tovuti. Seva hawaigusi."

"Dada, kila anayeuliza kupitia tovuti anahesabiwa. Na watu wa mtandaoni nani atawamaliza kuwahesabu? Ndiyo maana wenye tovuti hununua ya prosesa. Nunueni hiyo, au mfunge tovuti."

Wakafunga. Caroline akamweleza mzee kwamba ipo programu nyingine ya kanzidata, ya bure, isiyohesabu watu. Angehamishia kila kitu huko.

"Fanya, binti," mzee akasema bila kumlaumu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Kazi ilichukua muda mrefu kuliko alivyodhani. Mafundi walipoikuta tovuti haifunguki, walitafuta maduka mengine. Siku Caroline alipokwenda Gerezani na habari njema, alikuta rafu nyingi tupu na mzee akifunga maboksi kwa kamba.

"Shikamoo, mzee. Imekamilika."

"Marahaba. Bijal ameshanikatia tiketi." Akajifuta mikono. "Nionyeshe hata hivyo."

Akaandika "pampu ya maji" kwa kidole kimoja. Kompyuta ikajibu: Ipo. Mzee akageuka, akaitazama rafu iliyo wazi nyuma yake.

"Futa vilivyouzwa, binti. Mtu asije akatusubiri bure."

Caroline akavuta kiti. Mzee alitaja kipuri kimoja kimoja, naye akifuta, mpaka kipuri cha mwisho kuuzwa, breki za lori.