Nilivyopunguziwa Gharama za Kampuni

Usiku wa jana niliota nimefika nchi ya watu kufungua kampuni, na nimefika na kanga na ndala, maana ndotoni hakuna anayekungoja ujiandae.

Niseme kwanza kilichonipeleka. Jina langu Mwanakombo, napika achari ya embe hapa Tanga, Barabara ya Kumi na Nane. Mwaka wa pili sasa kuna bwana mmoja ananunua ndoo zangu, anazisafirisha ng'ambo kwa wazungu, na huko anabandika kwenye chupa jina la mama yake. Mama yake yeye. Linanikereketa mpaka rohoni. Wajuzi wakanambia dawa ni moja, nikafungue kampuni yangu hukohuko, chupa iandikwe Mwanakombo. Nikalala nalo kichwani.

Mlango wa ofisi umefungwa. Nikapiga hodi.

"Kifungua mlango," mlango ukasema.

Kifungua mlango nakijua, tunakitoa tukipeleka posa. "Kwani mimi nimekuja kuoa?"

"Umekuja kuomba nini?"

"Kampuni."

"Basi umekuja kuchukua mtu. Kampuni ni mtu mbele ya sheria, ana kwao, ana wazee wake. Usitake kumtoa bure."

Nikavua bangili. Mlango ukaivaa kwenye kitasa, ukajitazama, ukafunguka.

Ndani theluji inaanguka juu ya mkeka na hakuna anayeishughulikia. Nyuma ya meza amekaa Muhuri, mkubwa kama mtungi, uso wa mpira, anajifuta wino kwa leso.

"Karibu, mama. Mtaji umekuja nao?"

Nafungua pindo la kanga. Noti zangu zinashuka zenyewe, zinakwenda kwenye viti vya ukutani, zinakaa na kukunja nne.

"Haya, twendeni tukalipe," naziambia.

"Hatuinuki," inajibu ya mbele. "Sheria inasema mtaji ukae. Lipa kwa vingine."

Wallahi! Pesa nimezilea mwenyewe kwenye kopo la maziwa, leo zinanitazama kama mgeni.

Nikageuka nimlalamikie Muhuri, nikakuta ofisi imekuwa sebule. Tumekaa chini, kuna sinia ya kahawa, na yeye anataja mahari bila haya. Kuna kishika jina, jina langu lisije likachukuliwa na mwingine. Kuna mkaja, ule apewao mama mzazi, ila huku mama ni sheria. Kuna mkalimani wa kiapo, wa kutafsiri achari.

"Achari itafsiriwe ya nini? Si inaliwa tu?"

"Hapa hailiwi kitu ambacho hakijatafsiriwa, mama."

Mkalimani akaingia, akachovya kidole kwenye chupa ya achari yangu iliyozuka juu ya sinia, akalamba, akainua mkono akaapa. "Inasema imekasirika," akatangaza. Muhuri akainama, akagonga paji lake la uso kwenye karatasi. Tayari. Nikatoa hereni. Nikatoa bangili ya pili. Cherehani yangu ikaja kwa miguu kutoka Tanga, ikajitoa yenyewe.

Ndipo Kampuni akatoka chumbani. Jitu zima, suti nyeusi, kifuani kaandikwa Mwanakombo kwa herufi kubwa. "Shikamoo, mama," akanambia. Nililia. Sikumbuki lini nilifurahi vile.

"Limebaki dogo," Muhuri akasema. "Huyu hajui kutia saini. Na mwenye saini lazima awe mkaazi wa hapa."

"Mimi nina mume, na embe nimezianika. Siwezi kukaa huku."

"Si lazima ukae wewe. Mkono unatosha."

Akatoa utepe wa fundi cherehani, akaanza kunipima kutoka begani. Nikamtazama Kampuni anitetee, naye akatazama soksi zake.

Lakini mimi ni mnunuzi wa embe sokoni Ngamiani tangu ujana wangu, na bei ya kwanza sijapata kuikubali. Nikamwambia begani ghali, nitaacha kuanzia kiwiko. Akakunja uso. Nikashuka kwenye kifundo. Nikashuka kwenye vidole. Nikasimama kwenye kidole gumba, nikajitia naondoka.

"Mama, unaniua," Muhuri akasema, wino unamtiririka.

"Mimi mteja wako, usinifukuze."

Akafikiri. Akasogea karibu, akanong'ona. "Basi nenda na mkono wako mzima, nyama na mfupa. Niachie kile kilichomo ndani yake tu."

"Kina uzito?"

"Hakina."

Nikaona huyu kajiponza mwenyewe. Nikampa kiganja. Akakigonga kwa paji la uso, baridi ikapanda hadi begani, nikazinduka kitandani.

Kitu cha kwanza nilihesabu vidole. Vyote vipo. Nikacheka peke yangu mpaka mume wangu Mbwana akaamka, nikamhadithia. Akasema wazungu wa watu nimewaonea. Nikaingia jikoni nimejaa raha, nikabandika mbaazi za nazi, nikachota chumvi kiganjani kama kila siku. Kijiko sikijui. Hata marehemu mama hakunifundisha kwa kijiko, alinishika mkono huu tukatia pamoja, basi.

Mkono ukasimama juu ya sufuria.

Nikaungoja. Nikapunguza kidogo, nikaongeza, nikapunguza tena. Nikaangalia ndoo za achari pale ukutani, zinazongoja kutiwa chumvi leo, nikamkumbuka Muhuri na kile kisicho na uzito.

"Mbwana," nikaita. "Hivi mimi huwa natia chumvi kiasi gani?"

Akaja mlangoni na mswaki mdomoni. "Unaniuliza mimi?"

Alikuwa anacheka, kisha akaniona uso, akaacha. Mvuke ulikuwa unapanda, na chumvi imeanza kulowa kiganjani.