Katrela ya Marehemu Rabary

Jumapili hiyo Tsilavo aliamka moyo ukimdunda hata uji wa mchele aliopikiwa na mkewe ukamshinda. Leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo! Miaka saba mizima alikuwa amelala chali chini ya gari moja, oili ikimdondokea usoni, na leo gari hilo lingepanda mlima wa jumba la malkia mchana kweupe, Antananarivo ikitazama.

Lenyewe lilikuwa Renault 4, ile ambayo jiji zima huiita Katrela. Marehemu baba yake, Mzee Rabary, aliiendesha kama teksi mpaka macho yakafifia, kisha ikatelekezwa uani kwa Voahirana, dada yake Tsilavo, kuku wakatagia ndani miaka kumi na tisa. Tsilavo naye alikuwa ameendesha teksi miaka thelathini, kazi iliyomwachia kiinua mgongo cha shingo ngumu: ukimwita kwa nyuma hageuzi kichwa, anageuka mwili mzima. Alipostaafu akaanza kuifufua. Sakafu aliikata kwenye mabati ya paa. Tangi la petroli aliligonga na kulichomelea mwenyewe. Mlango wa kushoto aliufuata Antsirabe, akarudi nao ndani ya basi ameupakata kama bibi harusi. Rangi ya maziwa aliipaka mara tatu, maana ile ya kwanza ilitoka maziwa ya kopo, na Mzee Rabary hakuwahi kuendesha maziwa ya kopo.

Watu hawakosi la kusema. "Ikimalizika utaiuza bei gani?"

"Wewe mkeo umempangia bei gani?" ndivyo alivyowajibu.

Taabu ilikuwa moja tu, nayo kubwa: nusu ya gari ilikuwa mali ya Voahirana. Na Voahirana alikuwa amempata mnunuzi. Bwana mmoja aitwaye Tovohery, mwenye hoteli huko pwani, alitaka kuing'oa injini, aiweke Katrela ukumbini pa kupokelea wageni na kuijaza maua kwenye buti.

"Maua!" Tsilavo alipiga kelele siku aliposikia. "Dada, gari lisilo na injini ni kabati! Unataka baba awe kabati?"

"Baba amekwenda, mwache aende," Voahirana alimjibu. "Nimechoka kutunza kaburi la bati uani kwangu. Na wewe je? Wajukuu zako hawakujui sura, wanakujua miguu."

Basi wakabishana wiki nzima, mpaka dada mtu, ambaye ndiye kiongozi wa kwaya na hakuna anayemshinda kwa sauti, akakata shauri. "Sikiliza, we Tsilavo. Jumapili, kabla kengele ya adhuhuri ya kanisa la Andohalo haijalia, gari hilo litoke ziwani kule bondeni lifike lango la jumba la malkia. Lisisukumwe, lisikokotwe. Likifika, sitalitaja tena mpaka nife. Likishindwa, natia sahihi, na lori la Tovohery litakuwa palepale langoni likingoja. Nami nitakaa ndani, nisije nikadanganywa."

"Nimekubali!" Tsilavo alisema kabla hata dada hajafunga mdomo.

Sasa, Jumapili yenyewe, ziwani palikuwa pameshafurika. Wapenzi wote wa magari ya kale walikuja. Rafiki yake Fidy alikuja na gari lake kuukuu la bluu, Deux Chevaux, akaapa kuwatangulia akipiga honi njia nzima. Kila mtu akataka picha. Wakapiga picha, wakapiga tena, Voahirana akaweka kofia yake ya kanisani sawasawa, na wakati Tsilavo anatazama saa, alibakiwa na dakika ishirini na tano. Toba! Akajitupa nyuma ya usukani. Hata hivyo alisimama penye pampu iliyo chini ya mlima akatia lita moja na nusu. Ndivyo afanyavyo kila dereva teksi wa Antananarivo: hununui petroli ya kesho, unanunua ya safari iliyo mbele yako. Katika miaka thelathini Tsilavo hakujaza tangi hata siku moja, wala leo haikumpitia akilini.

Katrela ikapanda. Lo, ilivyopanda! Matairi yalinguruma juu ya mawe ya barabara, vioo vikatetemeka, watoto wakakimbia pembeni wakishangilia, na kina mama waliotoka ibadani wakapunga leso. Tsilavo aliimba. Aliivuta gia ya pili kwenye dashibodi, ndipo ilipo gia ya Katrela, akahisi injini inamwitikia mpaka kwenye mifupa, akacheka peke yake.

"Tazama mbele, mwendawazimu wewe," Voahirana alisema. Lakini alikuwa ameshika kofia kwa mkono mmoja, na hakuwa amenuna kama alivyoanza.

Wakaipita Andohalo. Kengele kimya. Wakaingia mwinuko wa mwisho, ule mkali kuliko yote, lango likaonekana juu, na lori la Tovohery limeshashusha mbao za kupakilia. Zilibaki hatua themanini. Hapo Katrela ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikazima.

Tsilavo alivuta breki ya mkono, akapiga stata. Patupu. Akaruka chini, akafungua boneti, akalifungua bomba la petroli: kavu. Watu wakaanza kukusanyika.

"Nikukimbilie petroli?" Fidy aliuliza akishuka mbio kutoka juu.

"Pampu iko chini kabisa kule! Mpaka urudi, kengele imelia, tumezikwa." Tsilavo alilala chini, kama alivyolala miaka saba, akaligonga tangi kwa vifundo vya vidole. Mbele likalia tupu. Nyuma likalia zito. Petroli ilikuwamo! Kidogo, lakini imo. Mwinuko umeivuta yote nyuma, na bomba la kunyonyea yeye mwenyewe, kwa mikono yake miwili, alilichomelea upande wa mbele.

Akatoka chini ya gari akiruka. "Dada! Tunapanda kinyumenyume!"

"Unasema?"

"Nikiliinamisha pua, petroli itarudi mbele. Ulisema lifike. Hukusema liangalie wapi!"

Watu wakapasuka kucheka, wakapiga makofi. Ndipo Tsilavo alipokumbuka shingo. Furaha ikamtoka. Njia ni nyembamba, mkono mmoja ukuta, mkono mwingine mfereji wa maji unaoweza kumeza gurudumu, na yeye hawezi kutazama nyuma. Akamgeukia dada yake, mwili mzima.

"Dada, sina macho ya nyuma. Niazime ya kwako."

Voahirana alikuwa amekaa, mkoba magotini. Hakuhitaji kufanya lolote, na hilo lilimtisha Tsilavo kuliko mfereji. Akifumba mdomo dakika tano tu, mambo yamekwisha na injini imekuwa maua. Voahirana alitazama lori kule juu. Akamtazama mdogo wake, mzee wa miaka sitini na mmoja, oili mpaka nyusini, anayemkodolea macho kama aombaye pipi.

Akaivua kofia. Akapiga magoti juu ya kiti, akiangalia nyuma. "Haya, endesha. Na ukinitumbukiza kwenye mfereji huo utanitambua."

Tsilavo aliachia breki. Gari likateleza nyuma, likaingia mkia kwenye uchochoro uliokuwa pembeni. "Simama!" Voahirana alinguruma. Pale palikuwa tambarare. Stata ikalia mara moja, mara mbili, injini ikashika! Akatoka, akainamisha pua kuelekea bondeni, akatia rivasi. Sasa Antananarivo yote ilikuwa mbele ya macho yake, na kule alikokwenda hakukuona hata punje.

"Njoo! Njoo! Kushoto... kushoto, nimesema! Huo ni wa kulia, kwani mkono wa kushoto ulifundishwa na nani? Hapo! Twende!"

"Nakwenda, dada!"

"Acha kujibu, kanyaga!"

Injini ikapiga kelele, harufu ya klachi ikajaa, watu wakatimka mbele ya buti wakiimba. Walipofika nusu ya safari hiyo gurudumu likagusa ukingo wa mfereji. Voahirana akatoa yowe lisilowahi kusikika kwenye kwaya yoyote, akaushika usukani kwa mkono wake mwenyewe akauvuta. Gari likayumba, likarudi njiani. Hatua thelathini. Kumi. "Usilale sasa, Tsilavo! Usiniaibishe!" Buti likavuka lango, kisha matairi ya nyuma, kisha ya mbele, na mara injini ikanywa tone lake la mwisho ikanyamaza. Walikuwa bado wanatazamana, jasho likiwatiririka, kengele ya Andohalo ilipoanza kulia.

Mayowe! Fidy akalibusu boneti, likamuunguza. Tovohery alikuja akipangusa miwani.

"Kwa matako?" alisema. "Hiyo nayo ni kupanda? Mama, masharti ni yako, wewe ndiye wa kuamua. Na baada ya niliyoyaona hapa naongeza nusu ya bei. Wageni wangu watapenda sana hadithi hii."

Tsilavo alimtazama dada yake. Voahirana alikuwa ameinamia dirisha, anahema, sauti imemkauka.

"Nusu ya gari hili ni yangu," alimwambia Tovohery. "Kapandishe mbao zako. Nusu yangu haiuzwi."

Kisha akamsukuma Tsilavo begani. "Shuka wewe, nikae hapo. Nataka kupiga honi. Baba hakuniruhusu hata siku moja. Wewe ukapiga mpaka ukachoka, mimi nikaambiwa honi si ya wasichana."

Tsilavo alishuka machozi yakimtoka, akamfungulia mlango. Voahirana akakaa penye usukani, akanyoosha sketi yake, akaibonyeza honi kwa viganja viwili, na hakuiachia.