Mlango wa Dereva

Dereva alikuwa na miezi miwili tu tangu astaafu pale binti yake alipokodi nyumba ya mbao shambani, familia nzima ikapumzike siku nne za kiangazi. Kwa miaka arobaini likizo zote za watoto zilimkuta barabarani, kwenye usukani wa lori. Safari hii alikaa kiti cha nyuma, akabeba kikapu cha chakula mapajani, na hakunung'unika.

Nyumba ilikuwa na vyumba viwili, jiko la kuni, sakafu iliyolalamika ukiikanyaga, na baraza iliyotazama banda la farasi. Farasi walikuwa watatu. Mkubwa wao, jike la rangi ya kahawia, aling'aa kama meza iliyopigwa vanishi jana. Dereva alimkagua kwa macho kutoka kwato hadi masikio. Injini hii, aliwaza, haikutoka kiwandani.

Mjukuu wake, msichana wa miaka minane, alimpenda farasi yule kwa mbali. Akasema Babu akipanda kwanza, naye atapanda. Babu akakubali mbele ya wote, na mtoto wa umri ule hasahau ahadi.

Asubuhi ya pili mtunza farasi, mwanamke mkimya mwenye buti za mpira, alianza kumweleza namna ya kupanda. Dereva akainua kiganja. Akamwambia kwa upole kwamba mtu aliyeshusha tani thelathini mlimani kwenye ukungu hafundishwi kupanda ngazi moja. Kisha akatia mguu kwenye kikuku cha tandiko. Farasi akasogea pembeni hatua mbili, akamwacha akirukaruka kwa mguu mmoja kama kuku aliyekanyaga kaa la moto. Mkwewe akakohoa kuficha kicheko. Mtunza farasi akafungua mdomo tena. Kiganja kikainuka tena.

Siku ya tatu mambo yakawa yale yale. Jioni mjukuu hakwenda bandani. Dereva alimsikia akimuuliza mama yake, "Kama farasi hamtaki Babu, mimi atanitaka vipi?"

Maneno hayo yalimchoma.

Mkewe alikuwa mshonaji wa sare za shule, na macho yake yalizoea kuona bega lililokaa upande kabla mwenye shati hajajua. Siku zote hizo alikaa barazani na sindano yake, akitazama. Asubuhi ya mwisho, mizigo ikipakiwa garini, aliteremka na shati mkononi mpaka uwanja wa farasi, mumewe alikokuwa akijaribu tena.

"Mzee mwenzangu, nikwambie jambo, au kiganja kitaniinukia na mimi?"

"Sema, mama watoto."

"Kila siku unamwendea kwa kulia, kama lori lako. Huyu mlango wa dereva uko kushoto."

Dereva akamgeukia mtunza farasi. Yule akatikisa kichwa kukubali: wote watatu wamezoezwa kupandwa kwa kushoto, na ndilo alilotaka kusema tangu juzi.

Angeweza kukasirika. Badala yake alicheka mpaka akavua kofia. Miaka arobaini alifungua mlango wa kulia, mwili ukawa unakwenda wenyewe. Alimwomba radhi mtunza farasi, jambo ambalo binti yake hakuwahi kulisikia likitoka kinywani mwake, kisha akazunguka mbele ya farasi kwa mbali, kama mtu anayekagua matairi. Akatia mguu wa kushoto. Farasi akasimama kama ukuta.

"Haya," akamwambia mtunza farasi kutoka juu, "nifundishe na yaliyobaki."

Akafundishwa: hatamu zisikazwe, visigino chini. Akatii. Wakauzunguka uwanja mara moja, na waliporudi mjukuu alikuwa tayari amesimama upande wa kushoto.

"Shuka, Babu. Zamu yangu."

Mtunza farasi akamwongoza mtoto polepole. Alikaa wima juu ya tandiko, mgongo umenyooka kama wa bibi yake kwenye cherehani. Dereva akaegemea uzio kando ya mkewe, asijue amtazame nani: mjukuu, farasi au mkewe.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu mara ya kwanza."

"Na ukanyamaza?"

Mkewe akakata uzi kwa meno. "Kiganja chako nakijua miaka thelathini na minane. Nilikuwa nangoja kichoke."