Asili ya Jiko

Barua ilifika nyumbani ndani ya daftari la hesabu, imekunjwa mara nne. Nukta, mtoto wa kwanza wa dada yangu, aliiweka juu ya meza ya cherehani yangu, akarudi nyuma hatua mbili kama mtu aliyetua sufuria ya moto.

"Mamdogo, ni ya baba," alisema. "Ila wewe isome kwanza."

Jina la Nukta tulimpa kwa sababu alizaliwa mdogo, naye akaamua kubaki hivyo hivyo. Nilifuta mikono nikaifungua. Iliandikwa hivi: "Kwa familia za darasa la tano. Muhula huu tunajifunza sehemu. Msaidieni mtoto atafute sehemu tano nyumbani, aandike kiasi na asili ya kila sehemu. Ijumaa mchana njooni naye darasani aeleze. Atakayeshindwa atakwenda darasa la nne kila kipindi cha hesabu, mpaka aelewe."

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyomrudisha nyuma hatua mbili. Darasa la nne yupo mdogo wake. Huyo tunamwita Kipaza, maana sauti yake haijui kunong'ona.

"Dada, nitakuwekea nafasi," Kipaza alisema, alipokwisha kuisoma kupitia begani kwangu. "Karibu na dirisha. Ila usije ukaniangalizia."

"Mamdogo, mwambie anyamaze!"

"Kwani nimekutukana? Nimekukaribisha tu."

Jioni, jua likiwa bado lipo, baba yao alirudi. Shemeji yangu ni karani wa masjala, yaani anapokea barua za ofisi, anazigonga muhuri na kuzipanga kwenye mafaili. Mtaani wanamwita Wakili, kwa sababu hakuna karatasi inayompita. Hata pakiti ya sabuni ataisoma mpaka yale maandishi ya chini kabisa. Tangu nihamie kwao na cherehani yangu hajanikosea hata siku moja. Ana neno lake moja tu: "Shemeji, hapa tuachie sisi tuliofika sekondari." Alilisema redio ilipokwama. Alilisema bomba la jikoni lilipoziba. Bomba lile mpaka leo linavuja.

Barua aliisoma akiwa amesimama katikati ya sebule, kwa sauti ya ofisini.

"Sehemu tano nyumbani. Kiasi na asili." Akaikunja. "Mmeona ujanja wa walimu? Haya ni maarifa ya jamii yameingizwa kwenye hesabu. Wanataka mtoto ajue anapoishi. Kila sehemu ya nyumba, ukubwa wake na ilikotokea. Safi kabisa!"

Nilimtazama Nukta. Nukta akatazama sakafu.

Mimi niliishia shule ya msingi, lakini darasa la tano nililipita, tena nilikaa dawati la mbele. Sehemu, kwenye hesabu, si mahali. Ni ile namba ya ghorofa mbili. Ya juu inaitwa kiasi, ni vipande ulivyochukua. Ya chini inaitwa asili, ni vipande vyote vilivyokuwepo. Basi.

"Shemeji," nikasema taratibu, "sisi zamani tulifundishwa kwamba asili ni..."

"Zamani ni zamani, shemeji. Mtaala umebadilika. Hapa tuachie sisi tuliofika sekondari. Wewe niazime tepu yako tu."

Nikanyamaza. Sitadanganya, nilinyamaza kwa raha. Nina tepu mbili za kupimia. Mpya ilikuwa shingoni mwangu. Nilifungua droo nikampa ile kuukuu, ambayo namba zake zilifutika siku nyingi, imebaki kamba nyeupe ya mita moja na nusu isiyojua kusoma wala kuandika. Nilisema moyoni, acha na yeye apate taabu kidogo.

Taabu hakuipata. Aliigeuza geuza, akaikoholea, kisha akatangaza, "Tutapima kwa tepu nzima nzima. Ndivyo wanavyofanya wataalamu." Akaanza kutambaa kwa magoti kutoka mlangoni mpaka jikoni, Kipaza nyuma yake akipiga kelele, "Mbili! Tatu! Baba, umekanyaga ndala!"

Nyumba yetu ni vyumba vilivyofuatana mstari mmoja kama mabehewa. Sebule ikatoka tepu tatu. Chumba cha wazazi mbili. Chumba tunacholala mimi na wasichana mbili. Jiko tepu moja, na ukigeuka vibaya unajichoma. Sehemu ya tano ikawa kona ya cherehani yangu pale sebuleni, tepu moja nayo.

Hapo akaja kwenye asili. Siku mbili nzima alizitumia. Alikwenda kwa mwenye nyumba, akamhoji kama polisi, akarudi na majibu akayaandika kwa mwandiko wake wa ofisini, mistari ya wino mwekundu, karatasi ndani ya faili. Dada yangu, anayefua mashuka hospitali na kurudi akiwa hoi, alichungulia mara moja akasema, "Mwacheni. Angalau kakaa na mtoto."

Lakini aliyekaa na mtoto nilikuwa mimi. Wakati Wakili anachunguza historia, Nukta alikuwa miguuni kwangu ananishikia kitambaa. Nilikuwa na sketi ya mteja, ile ya vipande vinane.

"Hapo nimeshashona vingapi?"

"Vitatu."

"Sketi nzima ni vingapi?"

"Vinane."

"Basi juu andika tatu, chini nane. Nikiongeza hiki?"

"Nne juu ya nane." Akaikunja sketi, akaitazama. Uso ukafunguka. "Mamdogo, si ni nusu hiyo!"

"Mimi nimesema nini? Mkono wako ndio umesema."

Siku ya kwanza alikosea mara kumi. Siku ya pili mara mbili. Sikumwambia kwamba ni hesabu za shule. Nilimwambia akichanganya vipande, mteja atavaa sketi yenye mguu mmoja.

Alhamisi mchana Nukta alirudi kutoka shuleni analia bila sauti, kilio kile cha kupandisha mabega. Aliwaona wenzake wana namba kwenye karatasi zao. Mmoja alikata mkate, mwingine alijaza maji kwenye chupa. Yeye ana faili.

"Nikipeleka ya baba, nakwenda kwa Kipaza. Nikiandika yangu, baba atasimama mbele ya watu aonekane hajui. Ameshapiga pasi shati, Mamdogo! Amelitundika mlangoni!"

Raha yangu yote ikaniishia. Shati nililiona, jeupe, kola imenyooka kama kadibodi. Kunyamaza kwangu na utani wangu wa tepu vilikuwa vimemfikisha mtoto mahali pa kuchagua kati ya baba yake na darasa lake. Nilisimama nimwendee shemeji nimwambie wazi, liwalo na liwe.

Nukta alinishika gauni. Alikuwa amefungua faili, anasoma, kamasi bado zinamtoka.

"Subiri. Sebule, kiasi, tepu tatu." Akageuza karatasi. "Jiko, kiasi, tepu moja." Akanitazama. "Mamdogo, kiasi kapatia. Alichokosa ni asili tu."

Nikakaa chini.

"Nyumba nzima ni tepu ngapi?" nikamuuliza.

Akazijumlisha midomoni. Kisha akacheka, cheko baya kabisa, la mtu mzima. Nadhani alilitoa kwangu.

Ijumaa tulikwenda watatu, Wakili mbele na faili lake kwapani. Darasani wazazi walisimama ukutani. Mwalimu wao wa hesabu ni mwanamke mwembamba asiyepandisha sauti, na kwa sababu hiyo kila mtu anamwogopa. Zamu ya Nukta ilipofika, mwalimu alipokea faili, akalifungua, akasoma kimya. Nikaona kidevu chake kinatetemeka, si kwa hasira.

"Jiko," akasoma kwa sauti. "Kiasi, tepu moja. Asili, banda la kuku wa mwenye nyumba, aliowauza walipoanza kuugua." Akashusha macho kwenye mstari uliofuata. "Chumba cha wasichana. Kiasi, tepu mbili. Asili, ugomvi wa mwenye nyumba na mkewe, ambapo ukuta ulijengwa katikati."

Darasa likapasuka kwa kicheko. Mama mmoja pembeni yangu alijifunika uso kwa mtandio. Shemeji alikuwa bado anatabasamu, akidhani wamefurahia utafiti. Kisha akaona ubaoni sehemu zimeandikwa kwa chaki, namba juu ya namba, na tabasamu likaanza kumshuka taratibu, kama soksi iliyokwisha mpira.

"Mwalimu," Nukta akasema. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ilitoka. "Hiyo ni asili ya jiko. Asili ya sehemu hatukuiandika, nimekuja nayo kichwani."

"Haya, itoe."

"Baba amepima nyumba yote kwa tepu. Ni tepu nane. Nane ndiyo asili. Sebule ni tatu juu ya nane. Vyumba vya kulala, kila kimoja ni mbili juu ya nane, yaani robo. Jiko ni moja juu ya nane, thumni."

Kicheko kikakatika. Mwalimu akaweka faili mezani.

"Sebule na jiko kwa pamoja?"

"Nne juu ya nane. Nusu ya nyumba."

"Na hii kona ya cherehani?"

Hapo nikashika tepu shingoni. Hilo hatukulifanyia mazoezi. Nukta alitazama juu, akatazama miguu yake, vidole vikakunja kitambaa ambacho hakikuwepo.

"Iko ndani ya sebule," akasema polepole. "Ni theluthi ya sebule. Lakini pia ni thumni ya nyumba."

"Kona moja, asili mbili? Inawezekanaje?"

"Inategemea umechukua kipi kuwa kizima, Mwalimu. Sebule au nyumba."

Mwalimu alichukua kalamu nyekundu akaandika kitu kwenye faili, pembeni ya kuku. "Utabaki hapa hapa," akasema. Kisha akamgeukia shemeji. "Mzazi, umepima vizuri. Wengi wameleta mkate tu."

Jamani! Kifua kilichojaa pale! Alimpa mkono mwalimu, akampa mkono mama wa mtandio, karibu ampe mkono na ubao. "Tulipanga hivyo tangu mwanzo," alimwambia mtu wa karibu. "Unampa mtoto nusu, nusu aitafute mwenyewe."

Nje, dirisha la darasa la nne lilikuwa wazi na Kipaza ameshatoa kichwa.

"Dada! Unakuja? Dawati nimeshalipangusa!"

"Kalia mwenyewe!" Nukta akamjibu, na njia nzima alitembea kwa kurukaruka.

Shemeji alitembea nami nyuma yake. Tulipofika kwenye kona ya nyumba yetu akapunguza mwendo, akasubiri Nukta atangulie.

"Shemeji."

"Abee, shemeji."

"Ile tepu uliyonipa. Haina namba." Akanyoosha kidole shingoni kwangu. "Na hiyo ina namba."

"Hii nilikuwa naitumia, shemeji."

"Nukta amejulia wapi thumni?"

"Labda mtaala umebadilika."

Alinitazama kwa muda, kama anavyotazama barua isiyo na saini. Halafu akacheka peke yake, akaingia ndani kuvua shati.

Wiki tatu baadaye barua nyingine ikaja. Safari hii aliisoma kimya, akaisoma tena, akaja nayo mpaka kwenye kona yangu akavuta kigoda.

"Shemeji, wanasema mtoto asaidiwe kutafuta kigawe kidogo cha shirika." Akakohoa. "Nilikuwa natafuta viatu niende huko. Kisha nikaona nikuulize wewe kwanza. Hilo shirika... ofisi zake ziko wapi?"

Nilikuwa na pindo mkononi, refu, la pazia. Nikamwambia akae, anishikie ncha ya pili, kisha nikalishona lote mpaka mwisho, polepole, ndipo nikamjibu.