Sauti Yangu na Siafu

Mimi ni mwongozaji wa wageni katika msitu wa hifadhi, mwaka wa kumi na saba sasa, na sijawahi kumwonea mtu wivu kama nilivyoionea sauti yangu mwenyewe.

Meneja wetu tunamwita Bwana Mipango, maana hana siku isiyo na mpango. Siku moja aliniita ofisini akanionyesha vifaa ishirini vidogo vyenye hedifoni, kisha akanifungia kwenye stoo ya mbegu pamoja na fundi wa kurekodi. Nikaambiwa niseme yote ninayowaambia wageni: mti mkongwe, shimo la wapasua mbao wa zamani, mbega, kijito. Nikasema, tena kwa madaha. Halafu fundi akanituma njiani na saa, nipime dakika toka kituo hadi kituo, ili sauti ijue pa kunyamaza. Nikapima. Kwa kuwa nilikuwa peke yangu, nilitembea kama ninavyotembea siku zote nikiwa peke yangu, yaani mbiombio kama mtu aliyeacha chungu motoni. Hakuna aliyewaza kwamba wageni hawatembei hivyo, hata mimi.

Nyumbani mume wangu aliisikiliza yote, akasema anaipenda kwa sababu inazimika kwa kidole. Nikamnunia siku mbili.

Siku ya majaribio walikuja wakaguzi wawili kutoka makao makuu. Bwana Mipango akanivuta kando.

"Dada, leo wewe unafuata nyuma tu. Mashine ikifaulu, tutakuweka getini ugawe na kukusanya hedifoni."

"Na isipofaulu?"

"Utaendelea kuongoza. Lakini usiniharibie. Ukifungua mdomo tu, kesho uko getini, ifaulu isifaulu."

Getini! Kibanda cha bati, kiti kimoja, na dirisha linalotazama maegesho ya magari. Mimi nisiyeweza kutulia hata msibani! Nikafumba mdomo, nikavaa hedifoni sikio moja, nikafuata.

Mkaguzi mkuu alikuwa mama wa makamo, mwenye mwili wake, viatu vizuri vya ngozi na daftari mkononi. Aliinamia kila uyoga, akauliza kila jani jina lake. Mwenzake mwenye miwani akamsubiri. Sauti yangu haikumsubiri mtu. Tulikuwa bado tuko nyuma ya choo cha wageni ilipoanza.

"Mbele yako amesimama mzee wa msitu huu. Ana miaka mia tatu. Wapasua mbao walimwacha kwa sababu hawakuwa na msumeno wa kumtosha. Mguse. Vuta pumzi ndefu."

Mwenye miwani akaweka kiganja kwenye ukuta wa choo, akavuta pumzi ndefu. Hakuvuta ya pili.

Tulipofika kwenye mti wenyewe, sauti ilishahamia kwenye shimo. Tulipofika kwenye shimo, ikawaambia watazame juu, mbega wanahama matawini. Wakatazama juu. Mwenye miwani akatumbukia shimoni hadi magotini.

"Itajirekebisha," alisema Bwana Mipango, jasho likimtoka. Mimi roho yangu ilikuwa kwatu.

Kabla ya daraja la kijito niliwaona siafu. Walikuwa wanavuka njia, mstari mweusi mnene kama mkono wangu, na haraka zao. Sikioni, sauti yangu ilishavuka daraja zamani, imekaa juu ya mwamba laini wa ng'ambo. "Sasa vua viatu na soksi," ikasema. "Simama bila kusogea, uisikie ardhi."

Mama Mkaguzi akainama, akaanza kufungua kamba.

Hapa nitasema ukweli, ingawa unaniaibisha. Nilinyamaza. Nilijiambia, acha wamng'ate, mashine itakufa, nami nitapona. Nilipiga hatua tatu kamili nimefumba mdomo, na katika hatua hizo alivua kiatu cha kwanza, akavua cha pili, akavua soksi.

Ndipo moyo uliponisuta. "Siafu! Mama, toka hapo! Siafu!"

Akageuka, akanitabasamia, akagusa hedifoni zake. "Nakusikia, nakusikia!" alipaza sauti, masikio yameziba. "Unaeleza vizuri sana!" Akafumba macho ili aisikie ardhi.

Akaisikia.

Ukelele alioupiga ulifukuza ndege wote. Nikamrukia, nikambeba mgongoni, nikavuka naye daraja mbio, na mama yule hakuwa unyoya. Nyuma yetu Bwana Mipango na mwenye miwani walikuwa wanarukaruka wakijipiga mapaja, huku sauti yangu ikisema taratibu, "Tulia. Msitu unakukaribisha."

Juu ya mwamba nikamtoa siafu mmoja mmoja. Bwana Mipango akatufikia akihema.

"Dada, si nilikukataza kufungua mdomo?"

Mama Mkaguzi akamtazama, kisha akanigeukia mimi. "Wewe uliwaona saa ngapi?"

Ningeweza kudanganya. "Kabla hujavua viatu, mama. Nikanyamaza hatua tatu. Nilitaka mashine ishindwe."

Alimbandua siafu wa mwisho kwenye kifundo cha mguu, akamtupa majini. Halafu akavua hedifoni, akamkabidhi Bwana Mipango.

"Kifaa hiki hakina macho," akasema. "Huyu anayo. Ataendelea kuongoza yeye." Nilipotaka kushukuru, akaninyooshea kidole. "Lakini utatangulia. Sitaki tena mtu nyuma yangu anayeona nisichokiona."

Hapo aibu ikanishika barabara, kwa kuwa alisema kweli. Viatu vyake vilibaki ng'ambo vimejaa siafu. Nikavua buti zangu nikampa, nikatangulia pekupeku nikitafuta maneno ya kuanzia. Miaka kumi na saba, na siku hiyo yote yalinikauka.

"Mama," nikasema hatimaye, "hapo kuna mzizi. Angalia unapokanyaga."